Kidonge cha Asubuhi na Sauti ya Marehemu Baba

Muuguzi wa kliniki hii amenipa dakika kumi niongee nanyi wagonjwa wenzangu. Nimemwambia mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, sijawahi kumaliza jambo kwa dakika kumi. Amecheka, akasema basi anza. Naanza. Na wewe mama uliyejifunga kitenge mpaka masikioni na jua lote hili, kaa vizuri usikilize, maana nadhani baridi yako naijua.

Naitwa Nyangeta. Naishi Kitaji hapa Musoma na mume wangu Masatu, ambaye ananunua dagaa kijijini Murangi na kuwaleta mjini. Nimefundisha miaka kumi na nane. Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa mbio. Jua likichomoza mimi nimeshafagia, nimeshapika chai, nimeshagombana na mtu. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, kwenye kwaya nilikuwa naimba sauti ya kwanza, zile noti za juu wenzangu wanazokwepa.

Kwetu ni Butiama. Baba yangu, Mzee Magoti, alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe. Wale waliomjua watakumbuka sauti yake. Ilikuwa nene, ya kukwaruza, inatoka chini kabisa kifuani. Alifia mnadani, amesimama anaita bei, akaanguka. Hayo yalitokea miaka mitatu kabla ya ugonjwa wangu. Mama yangu akabaki peke yake kwenye lile boma, na mimi nikawa nampigia simu kila Jumapili saa kumi jioni.

Ugonjwa ulianza na baridi. Musoma hii, mchana, watoto wanatoka jasho puani, mimi nimevaa sweta. Halafu ukaja usingizi. Nasahihisha madaftari, nashtuka kalamu imechora mstari mpaka mezani. Nikaanza kunenepa na chakula sili. Uso ukavimba, macho yakawa madogo. Ngozi ya miguu ikawa ngumu, inapukutika kama magamba ya samaki furu aliyeanikwa. Choo kilikuwa siku tano, siku sita. Hedhi ikija haikatiki. Nywele zinabaki kwenye kitana. Siku moja nikajitazama kwenye kioo nikaona nyusi zangu zimeisha upande wa nje, zimebaki zile nusu za karibu na pua. Nilijiona kama mtu anayefutwa taratibu, kuanzia pembeni.

Kichwa nacho kilikuwa kizito. Mtu ananiuliza jambo, nalisikia, jibu nalijua, lakini jibu linakuja limechelewa. Masatu akaanza kunisubiri. Ananiuliza, halafu anakaa kimya ananitazama.

Mwisho ikaja sauti. Ikaanza kukwama, nikasema ni vumbi la chaki. Ikashuka. Ikazidi kushuka. Kwenye kwaya wakanihamisha sauti ya pili, halafu mwalimu wa kwaya akaniambia kwa upole nipumzike kwanza. Asubuhi moja nimegeukia ubaoni, nikasema, "Haya, wote, a, e, i." Darasa likanyamaza. Nikageuka. Mtoto mmoja wa mbele alikuwa anatazama mlangoni, halafu ananitazama mimi. Akaniuliza, "Mwalimu, huyo baba aliyeongea yuko wapi?"

Nilicheka siku hiyo. Jumapili iliyofuata sikucheka.

Nilimpigia mama kama kawaida. Simu yake ni ndogo ya vibonye, hasomi jina la anayepiga, anabonyeza tu. Akapokea. Nikasema, "Mama Nyangeta, mmeshindaje huko?" Nilikuwaga namtania hivyo, namwita kama baba alivyokuwa anamwita.

Nasikia kuku wa nyumbani. Nasikia mama anavyovuta pumzi.

Akasema, "Baba Nyangeta. Umekaa wapi muda wote huu?"

Nikasema, "Mama, ni mimi. Ni Nyangeta."

Halafu akauliza, taratibu kabisa, "Nyangeta yupo hapo na wewe?"

Nikakata simu. Nikakaa kitandani nikasema neno moja kwa sauti, jina langu tu, nijisikilize. Alikuwa baba. Sisemi alifanana na baba. Alikuwa yeye.

Kaka yangu Wambura ana duka Kabasa, kule Bunda. Nikampigia kumweleza. Aliponisikia akaniambia, "Subiri," nikasikia anafunga mlango wa duka. Akasema, "Mzee anataka kitu. Haji hivihivi." Akataka niende Bunda niombewe, na tupitie Butiama tumuone mama.

Wambura akaja kunichukua, tukaenda. Nilipofika nyumbani mama alinishika mkono, akanitazama usoni, akafumba macho. Akasema, "Ongea." Nikasema, "Shikamoo mama." Alitabasamu bila kufumbua macho. Hakuitikia marahaba.

Jioni hiyo kabla jua halijazama niliita watoto wa jirani waje wachukue mahindi. Kwenye njia alikuwa anapita mzee mmoja aliyechunga na baba tangu utoto. Alikuwa ameinama anatazama miguu yake. Akaitika, "Naam, Magoti," akapiga hatua mbili zaidi, ndipo akasimama. Hakugeuka. Alisimama vile mgongo wake ukitutazama, kisha akaondoka haraka, na fimbo yake ikabaki imeanguka njiani.

Mimi mwenyewe nikaanza kusikia. Niko macho, mchana, nasikia nyuma ya sikio la kushoto mtu anaita kama mnadani: "Nani anaongeza? Nani anaongeza?" Sikumwambia mtu.

Tulipofika Bunda sikufika kwenye maombi. Nilishuka kwenye gari kwa Wambura, nikakaa kwenye kiti dukani, na sikuamka. Wanasema nilikuwa nafumbua macho nikiitwa, nasema neno moja lisiloeleweka, nafumba. Mwili ulikuwa wa baridi. Wambura akaacha habari za mzee, akanibeba hospitali.

Namshukuru Mungu kwa daktari niliyemkuta nilipozinduka. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, haongei sana. Alinishika nyusi kwa kidole. Akagonga nyuma ya kisigino changu kwa kinyundo cha mpira, mguu ukaruka kidogo, halafu ukarudi polepole kama mlango mzito. Akagonga tena, anatazama ule mguu unavyorudi. Akauliza, "Sauti yako ilikuwaga hivi?"

Wambura akajibu, "Hiyo siyo ya kwake, daktari. Ni ya marehemu baba yetu."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Akasema, "Inawezekana kabisa. Nyuzi za sauti kwenye koo zimevimba, kama uso ulivyovimba. Kitu kikivimba sauti inashuka. Na koo lake ni la baba yake, amelirithi. Imeshuka imefika pale pa baba."

Walinilaza siku tisa. Damu ikapelekwa kupimwa Mwanza. Majibu yaliporudi daktari akaniambia tezi ya shingoni, wanayoiita thairoidi, imelala, haitoi ile homoni inayoendesha mwili. Moyo unaenda polepole, tumbo polepole, akili polepole. Hata kusikia sauti za watu wasiokuwepo kunaweza kutokea. "Ungekaa wiki nyingine tungekuzika," alisema hivyo hivyo. Akanipa kidonge kidogo kuliko punje ya mchele. "Kila siku, maisha yako yote. Alfajiri, tumbo tupu, na maji matupu. Chai baada ya saa nzima. Tunaanza na kidogo, tutapima baada ya wiki sita, tutapandisha mpaka tupate kipimo chako. Usiwe na haraka. Na usijipangie."

Usijipangie. Shikeni hilo neno, mimi sikulishika.

Nilirudi Kitaji. Miguu ndiyo ilianza kupata joto. Nililia siku nilipotoa soksi. Tumbo likafunguka. Jibu likaanza kuja pamoja na swali. Yule wa nyuma ya sikio akanyamaza. Na mwezi wa tatu sauti ikaanza kupanda.

Jumapili moja mama akapokea simu, akasikiliza, akasema, "Leo ni wewe tu?"

"Ni mimi tu, mama."

"Haya." Akakata.

Jumapili iliyofuata hivyo hivyo. Wambura akanipigia akasema mama hali vizuri, anakaa kwenye kiti na simu mapajani. Nikampigia siku ya katikati ya wiki, nikamuuliza anaumwa nini. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia.

Asubuhi ile baba anaondoka kwenda mnadani walikuwa wamegombana. Baba alikuwa ameuza ng'ombe mtamba wa mama bila kumuuliza. Alipofika kwenye lango la boma akamuaga, "Mama Nyangeta, nimeenda." Mama alikuwa jikoni. Alimsikia. Hakuitikia. Saa saba wakaja kumwambia amekufa.

"Nataka kujua kama alijua nilimsikia," mama akasema. "Nilikuwa nakaribia kumuuliza. Sasa wewe unakunywa dawa na yeye anaondoka. Nipe siku chache tu naye, mwanangu."

Sasa ninyi mngefanya nini? Mimi niliacha dawa.

Sikuacha yote. Niliona nina akili. Nikawa nakunywa leo, naacha siku tatu, nakunywa tena. Vile ninavyoacha navifunga kwenye karatasi naficha kwenye boksi la chaki. Baridi ikarudi, usingizi ukarudi, na sauti ikaanza kushuka. Jumapili saa kumi nafunga mlango wa chumbani, napiga simu. Mwanzo nilikuwa naguna tu, mama anaongea. Halafu nikaanza kujibu. "Sikukasirika, Mama Nyangeta. Yule mtamba, nisamehe." Mama analia upande wa pili, analia vizuri, kama mtu anayeshusha mzigo. Wambura akasema mama anakula, hata amelima bustani. Nikaona nimefanya jema.

Kliniki nilikuwa naenda. Daktari anatazama majibu ya damu, anakunja uso. Akapandisha dozi kutoka mikrogramu hamsini kwenda sabini na tano. Akapandisha mia. Akaniuliza kama nakunywa na chai ya maziwa, kama nakunywa na vidonge vya kuongeza damu, kama nakula uji wa soya asubuhi, maana hivyo vinazuia dawa isiingie mwilini. Nikasema hapana, na ilikuwa kweli. Akauliza kama nakunywa kila siku. Nikasema ndiyo. Akapandisha mia na ishirini na tano.

Halafu nikaogopa. Yule wa nyuma ya sikio alirudi. Nilikuwa naandika ubaoni, akaita, "Nani anaongeza?" karibu kabisa, nikahisi pumzi. Nikakimbilia dawa. Nikanywa kila siku ile dozi kubwa, bila kuruka. Baada ya wiki tatu moyo ukawa unapiga kama mtu anagonga mlango na ngumi. Mikono inatetemeka, chaki inavunjika. Jasho, kuharisha, hasira, usingizi hakuna. Nikaacha tena. Nikaanza tena. Mwili wangu ukawa boti ambalo huyu anavuta huku na yule anavuta kule. Naomba mnielewe, ugonjwa peke yake haukunifikisha pale. Nilijifikisha mwenyewe.

Masatu ndiye aliyenikamata. Ilikuwa Jumapili, amerudi kutoka Murangi mapema. Akapita chini ya dirisha akasikia mwanamume anaongea chumbani kwake, anamwita mtu Mama Nyangeta. Mlango ukafunguliwa. Alitazama nyuma ya mlango, akatazama chini ya kitanda, ndipo akanitazama mimi na simu sikioni.

"Kuna nani humu?"

Nikataka kujibu, jibu likachelewa. Akakaa chini sakafuni. Yeye ni mtu mzima wa ziwani, ameshazika ndugu waliozama, sikuwahi kumwona anaogopa kitu. Siku hiyo meno yake yaligongana. Akasema, "Mimi nilimuoa Nyangeta. Sikumuoa mkwe wangu. Nirudishie mke wangu." Nikaenda kwenye boksi la chaki nikamletea vile vikaratasi.

Kesho yake tulikuwa Bunda mbele ya daktari. Nikasema yote. Aliposikia alivua miwani akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. "Kwa hiyo miezi yote hii nilikuwa nakuongezea dawa usiyokunywa. Nilikuwa napima uongo. Na siku ulipoinywa, ningekuua mimi kwa mkono wangu." Hakunifokea. Alinitaka nisimame, nilale, nipimwe moyo, kisha akachana ile karatasi ya dawa ya zamani. Akarudisha sabini na tano, kila siku. Masatu akaapa kuwa shahidi kila ninapomeza.

Bado nilikuwa na deni la kumwambia mama ukweli. Nilienda Butiama peke yangu, sauti ikiwa nusu yangu nusu ya baba. Nilimkuta anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikasema, "Mama, baba hakuwahi kupiga simu. Nilikuwa mimi. Niliacha dawa ili sauti ibaki."

Aliendelea kuchambua. Akasema, "Nilijua ni wewe. Baba yako hajawahi kuniomba msamaha tangu anioe. Yule wa kwenye simu aliniomba siku ya kwanza alipofungua mdomo." Halafu mikono yake ikasimama. "Lakini hukuniambia umeacha dawa. Nilipokuomba siku chache naye, nilidhani utaigiza sauti tu, kwa ajili yangu. Hukuniambia ulikuwa unaungua ili mimi niote moto." Akanipiga begani, kwa nguvu, kisha akanivuta kifuani.

Halafu akasema, "Ni Jumapili moja tu ndiyo sikukujua."

"Ipi?"

"Ile ya mvua ya mawe. Siku hiyo nilimuuliza, kama alijua nilimsikia. Akaniambia aliniaga mara mbili. Ya kwanza langoni, ya pili amefika kwenye mikonge ya njiani. Na ni kweli, ya pili nilimwitikia. Niliitikia kimyakimya, Nyangeta, mdomo wangu tu, jikoni, na hapakuwa na mtu. Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Yeye akasema alinisikia."

Mvua ile ya mawe niliikumbuka. Ilipiga na huku Musoma. Jumapili hiyo nilitoka kanisani nimechoka, nikalala na nguo, nikaamka jua linazama, nikajilaumu kwamba sikumpigia mama. Nikatoa simu pale pale kwenye maharage, nikarudi nyuma kwenye orodha ya simu nilizopiga. Ilikuwepo. Saa kumi jioni. Dakika kumi na moja. Sikumbuki hata neno moja.

Nilimuuliza daktari. Akasema homoni ikiwa chini sana mtu anaweza kuongea na asikumbuke. Nikamuuliza, na yale maneno? Akasema, "Hayo sina kipimo chake." Namheshimu kwa jibu hilo. Mimi nimeliacha hapo, sichimbi.

Ilichukua karibu mwaka mzima kupata kipimo changu. Sabini na tano ilikuwa ndogo, mia ilinizidi, tukaishia karibu themanini na nane: kidonge kimoja cha sabini na tano na nusu ya cha ishirini na tano. Ndiyo, nusu. Nusu ya kitu ambacho hata kuku hakioni ndiyo inayonitenganisha na kile kiti cha dukani Bunda. Nyusi zimerudi, tazameni. Nafundisha. Kwenye kwaya niko sauti ya pili, na sauti ya pili ni nzuri, nilikuwa naidharau tu.

Jamani, ukianza dawa usitegemee wiki moja. Mwili uliolala unaamka taratibu. Ukisikia moyo unakimbia au baridi inarudi, rudi kwa daktari, usiongeze wala usipunguze mwenyewe. Kidonge kinywe na maji, chai isubiri. Dawa za kuongeza damu zikae mbali nacho, kwa tofauti ya saa nne. Usiweke kopo dirishani likapigwa na jua. Na ukiwa umeacha dawa, hata kama sababu ni nzuri, hata kama sababu ni mapenzi, mwambie daktari. Yeye anaweza kupima damu. Siri hawezi kuipima.

Namshukuru Mungu, na Masatu, na kaka yangu Wambura aliyefunga duka akanibeba. Namshukuru daktari wangu. Na mama yangu namshukuru zaidi, maana siku hizi ndiye anayenipigia. Saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, siyo Jumapili tu. Hasalimii. Anauliza, "Umekishika?" Nasema nimekishika. Anasema, "Meza nisikie." Nakunywa maji karibu na simu. Anasikiliza mpaka yashuke, halafu ananiambia, "Haya mwanangu, nenda kazini."